Pua Kavu na Magaga ya Nyayo kwa Mbwa wa Uso Bapa

Ni imani ya watu wengi kwamba pua ya mbwa ndiyo kipimo cha afya yake: ikiwa baridi na yenye majimaji, mbwa ni mzima, ikiwa kavu, mbwa ni mgonjwa. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini haitoshi. Mbwa mzima aliyeamka usingizini au aliyelala juani huweza kuwa na pua kavu kwa muda na asiwe na ugonjwa wowote. Na mbwa mwenye maradhi makubwa huweza kuwa na pua yenye majimaji tele. Hata hivyo, wako mbwa ambao pua zao hazikauki kwa saa moja, bali kwa miezi na miaka. Juu ya pua hujengeka ukoko mgumu wa rangi ya kijivu au ya hudhurungi, mfano wa gome la mti mkavu. Chini ya nyayo zao nako ngozi huota nyuzi ngumu za pembe, hupasuka, na hatimaye hutoa damu. Hali hiyo huonekana mara nyingi kwa mbwa wa uso bapa, hasa buldogi wa Kiingereza na buldogi wa Kifaransa, na pia pagi na jamaa zao.

Wataalamu huiita hali hiyo haipakeratosisi, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuzidi kwa pembe. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe si geni kwa mtu yeyote aliyewahi kuwa na sugu kiganjani kwa sababu ya jembe, au magaga kisiginoni wakati wa kiangazi. Dutu inayojenga ukoko wa pua ya mbwa ni ileile inayojenga sugu na magaga, na kanuni inayolainisha kimoja ndiyo inayolainisha kingine. Kwa hiyo, kumwelewa mbwa huyu ni kuielewa ngozi kwa jumla.

Ngozi Isiyo na Manyoya

Karibu mwili wote wa mbwa umefunikwa kwa manyoya. Ncha ya pua na matakia ya nyayo, yaani vile vidutu vinene na laini ambavyo mbwa huvikanyagia, ni sehemu zilizo wazi, na kila moja ina kazi yake maalumu.

Ngozi ya ncha ya pua, ikitazamwa kwa lenzi, huonekana kama sakafu iliyopangwa kokoto ndogo ndogo zenye mifereji kati yake. Ngozi hiyo haina tezi za mafuta wala za jasho. Unyevu wake hutoka mahali pengine. Kwanza, ndani ya pua ziko tezi za ubavuni, moja kila upande, ambazo mifereji yake hufunguka karibu kabisa na mlango wa tundu la pua. Pili, machozi ya mbwa hupita katika mfereji mwembamba kutoka kona ya jicho hadi ndani ya pua. Tatu, ulimi wa mbwa huilamba pua mara kwa mara mchana kutwa.

Unyevu huo si pambo. Mwaka 1972, wanasayansi watatu wa Marekani, Blatt, Taylor na Habal, walionyesha kwamba tezi za ubavuni mwa pua hutoa maji mengi zaidi kadiri hewa inavyozidi kuwa na joto. Maji hayo huvukizwa na pumzi ya mbwa anayehema, na mvukizo huo humpunguzia mwili joto. Aidha, chembe za harufu hunaswa vizuri zaidi juu ya uso ulio na unyevu. Mwaka 2020, watafiti wa Sweden na Hungary walionyesha jambo jingine la ajabu: pua hiyo baridi huweza kuhisi mnururisho hafifu wa joto kutoka kwenye kitu kilicho mbali kidogo. Ni dhahiri, basi, kwamba pua kavu ni chombo kilichopungukiwa na nguvu zake za kufanya kazi.

Matakia ya nyayo yana kazi ya aina nyingine. Ndani yake mna mafuta yanayopunguza mshindo wa hatua, na juu ya mafuta hayo imetandazwa ngozi iliyo miongoni mwa zile nene kuliko zote mwilini mwa mbwa. Humo zimo tezi za jasho, nazo ni chache sana kwa kulinganisha na za binadamu. Ngozi ya matakia hukutana na mawe, mchanga wa moto na miiba. Kwa hiyo imeumbwa kukua upesi na kusagika upesi.

Safari ya Seli

Tabaka la juu la ngozi hujengwa kutoka chini. Kwenye kitako cha tabaka hilo seli hai hugawanyika daima. Seli mpya zinapozaliwa, zile za zamani husukumwa juu. Zikiwa safarini hujijaza protini ngumu iitwayo keratini, hupoteza kiini chake, hunywea na kuwa bapa kama magamba ya samaki, na mwisho hufa. Tabaka la nje kabisa, ambalo macho huliona, ni ukuta wa seli zilizokufa zilizoshikamanishwa kwa mafuta. Kwa mbwa, safari ya seli kutoka chini hadi juu huchukua takriban siku 22. Ifikapo juu, seli hukaa kwa muda, kisha hubanduka na kuipisha nyingine.

Kwa kawaida mizani ya ngozi huwa sawa: zinazozaliwa hulingana na zinazobanduka. Mizani hiyo huweza kuharibika kwa njia mbili. Ama seli huzaliwa nyingi kupita kiasi, ama zilizokufa hushindwa kubanduka. Katika hali zote mbili matokeo ni mamoja: keratini hurundikana. Sugu ya mkulima ni mrundikano wenye faida, kwa kuwa humkinga na mpini wa jembe. Lakini mrundikano unapokauka hupoteza unyumbufu wake. Ngozi inapokunjwa kwa mwendo hushindwa kukunjika, ikapasuka. Huo ndio mwanzo wa magaga ya binadamu, na ndio mwanzo wa nyufa za pua na nyayo za mbwa. Ndani ya ufa bakteria hupata mlango, na jambo lililokuwa la ukavu tu huwa kidonda.

Fuvu Lililofupishwa

Sababu ya mbwa wa uso bapa kupatwa zaidi inaonekana katika umbo la fuvu lake. Mbwa wa kawaida ana pua na taya ndefu zilizotangulia mbele ya macho. Kwa mbwa wa uso bapa mifupa ya pua na ya taya la juu imefupishwa sana, lakini nyama laini na ngozi iliyoifunika haikupungua kwa kiasi hichohicho. Ngozi iliyozidi hujikunja juu ya pua. Mfereji wa machozi, badala ya kunyooka, hupindapinda. Kwa hiyo machozi mengi humwagika juu ya uso badala ya kufika puani. Matundu ya pua huwa membamba, na mbwa hulazimika kuvutia hewa kinywani. Ncha ya pua yenyewe imerudi nyuma na juu, hata ulimi wa baadhi yao hauifikii vizuri. Kwa ufupi, njia za kuilowesha pua zimepungua, na hewa inayoikausha ni ileile.

Hapo ndipo penye kinyume cha kushangaza. Kwenye uso wa mbwa mmoja, sentimita chache tu hutenganisha ukavu uliozidi na unyevu uliozidi. Ncha ya pua imekauka mithili ya gome. Mkunjo wa ngozi ulio nyuma yake tu umelowa machozi, hauna hewa, na umekuwa makao ya bakteria na hamira. Mtunzaji asiyeitambua tofauti hiyo huweza kupaka mafuta usoni kote, akaiponya pua na kuuozesha mkunjo.

Kuhusu nyayo, buldogi ni mbwa mzito, mpana wa kifua, ambaye miguu yake huikanyaga ardhi kwa namna isiyo sawa. Sehemu ya katikati ya takia husagwa na ardhi kila siku, lakini ukingoni, mahali pasipogusa chini vizuri, keratini hukua bila kusagika. Ndiyo maana nyuzi za pembe huonekana zaidi pembezoni mwa matakia. Zikirefuka sana hujikunja na kumchoma mbwa kila anapokanyaga, kama mtu mwenye kokoto ndani ya kiatu.

Maji Kwanza, Mafuta Baadaye

Mtu aonapo ngozi kavu, jambo la kwanza analolifikiria ni mafuta. Kosa hilo ni la zamani, na jaribio lililolisahihisha linastahili kukumbukwa. Mwaka 1952, mtafiti wa Marekani, Irvin Blank, alichukua vipande vya sugu kutoka kwenye nyayo za watu, akavikausha mpaka vikawa vigumu. Vipande alivyoviweka ndani ya mafuta vilibaki vigumu. Vile vilivyopata maji vililainika na kukunjika. Blank alihitimisha kwamba kinacholainisha tabaka la nje la ngozi ni maji wala si mafuta, na kwamba tabaka hilo hubaki nyumbufu likiwa na maji yasiyopungua takriban asilimia 10.

Je, mafuta hayana kazi basi? Yanayo, tena kubwa. Mafuta mazito huziba uso wa ngozi na kuzuia maji yaliyokwisha kuingia yasivukizwe. Kazi ya maji ni kulainisha. Kazi ya mafuta ni kulinda. Anayepaka mafuta juu ya ukoko mkavu anaufunga ukavu ndani. Anayelowesha asipake mafuta atayapoteza maji yake kwa mvukizo kabla ya muda mrefu kupita. Matunzo yote ya pua na nyayo za mbwa yamejengwa juu ya kanuni hiyo moja.

Namna ya Kumtunza Mbwa

Hatua ya kwanza ni kulowesha. Kitambaa safi huchovywa katika maji ya uvuguvugu, hukamuliwa kidogo, na kuwekwa juu ya pua kwa dakika 5 hadi 10, bila kuyaziba matundu. Jambo hili la mwisho halina mzaha, kwa kuwa mbwa wa uso bapa hupumua kwa shida hata asipozibwa. Nyayo hutiwa katika beseni la maji hayo kwa muda uleule.

Hatua ya pili ni kukausha kwa kugusagusa. Kitambaa kikavu hutumiwa kuondoa maji yanayotiririka tu, si unyevu uliokwisha kuingia katika ukoko. Kati ya vidole, hata hivyo, hukaushwa vizuri, kwa sababu mahali hapo hufanana na mkunjo wa uso: unyevu ukikaa, huleta uvimbe na maambukizo.

Hatua ya tatu ni kupaka mafuta mazito mara moja, ngozi ingali na unyevu. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato hutosha. Hupakwa tabaka jembamba juu ya ukoko peke yake. Kisha mbwa hushughulishwa kwa muda wa robo saa, ama kwa chakula ama kwa mchezo, ili asiyalambe yote kabla hayajafanya kazi.

Mwanzoni kazi hiyo hufanywa kila siku kwa wiki moja au mbili. Ukoko ukishalainika na kupungua, mara 2 au 3 kwa wiki huweza kutosha. Lakini lazima ifahamike tangu mwanzo kwamba kazi hii haina mwisho. Fuvu halirefuki kwa mafuta. Mtunzaji akiacha, seli zitaendelea na safari yake ya siku 22, na ukoko utarudi.

Mkunjo wa uso hutunzwa kwa njia iliyo kinyume. Husafishwa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, kisha hukaushwa kabisa, wala haupakwi mafuta.

Yako pia mambo ya kuepukwa. Ukoko usibanduliwe kwa kucha wala kwa kisu, kwani chini yake mna seli hai, na kinachobanduka kwa nguvu huacha jeraha. Mafuta ya mti wa chai, ambayo huuzwa kuwa ni dawa ya ngozi, ni sumu kwa mbwa anayeyalamba. Malhamu zenye oksidi ya zinki, zinazotumiwa kwa watoto wachanga, nazo zina hatari hiyohiyo. Ni kanuni nyepesi kuikumbuka: kila kinachopakwa puani mwa mbwa, hatimaye kitafika tumboni mwake.

Ukoko ukiwa mnene mno, daktari wa mifugo huweza kuzikata nyuzi za pembe kwa mkasi baada ya kuzilowesha, na kuagiza dawa za kuyeyusha keratini, kama vile asidi ya salisiliki, urea, au propilini glikoli iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Nyufa zenye usaha huhitaji dawa za kuua bakteria. Dawa hizo zote hupimwa na kusimamiwa na daktari, kwa sababu kiasi kinachoyeyusha ukoko huweza pia kuunguza ngozi nzima.

Jaribio la Darasani

Kanuni ya Blank huweza kuthibitishwa darasani bila ya mbwa na bila ya maabara. Kucha za binadamu zimejengwa kwa keratini ngumu. Wanafunzi wakusanye vipande vya kucha vilivyokatwa, vyenye unene unaolingana, na kuvigawa katika vikombe vitatu. Kikombe cha kwanza kiwe kikavu, cha pili kitiwe mafuta ya kupikia, cha tatu kitiwe maji. Kesho yake kila kipande kikunjwe taratibu kwa vidole. Vipande vya kikombe cha kwanza na cha pili vitakuwa na ukinzani. Vile vya majini vitapinda.

Sehemu ya pili ya jaribio ndiyo yenye mafunzo zaidi. Vichukuliwe vipande viwili vilivyolowa. Kimoja kipakwe mafuta ya mgando pande zote, kingine kiachwe hivyohivyo. Vyote viwekwe juu ya meza, na vijaribiwe kila baada ya nusu saa. Wanafunzi waandike ni kipi kilichorudia ugumu wake kwanza, kisha waeleze sababu. Mwalimu aweza kuuliza zaidi: kwa nini magaga huzidi wakati wa kiangazi, na kwa nini mtu mwenye magaga hushauriwa kupaka mafuta mara tu baada ya kuoga?

Ukoko Usiotokana na Umbo

Si kila ukoko hutokana na fuvu fupi. Hapa ndipo mtunzaji anapotakiwa kuwa na jicho la mtafiti, kwa maana dalili moja huweza kuwa na vyanzo vingi.

Pua ikikauka upande mmoja tu, chanzo huweza kuwa neva. Nyuzi za neva zinazoziamuru tezi za pua na za machozi husafiri pamoja na neva ya uso, ambayo hupita karibu na sikio la kati. Ugonjwa wa sikio huweza kuzidhuru, na pua na jicho la upande huo vikakauka kwa pamoja. Daktari hupima machozi kwa kuweka kipande cha karatasi ya kufyonza kwenye ukingo wa kope kwa dakika moja. Kwa mbwa mzima machozi huilowesha karatasi milimita 15 au zaidi.

Pua ikipoteza rangi yake nyeusi, au zile kokoto za ngozi zikifutika na kuacha uso laini wenye vidonda, hapo hushukiwa magonjwa ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Mafuta hayana msaada hapo. Huhitajika kipande kidogo cha ngozi kikatwe na kuchunguzwa kwa hadubini.

Ukoko ukianza kwa mbwa mchanga wa aina ya Labrado, kati ya miezi 6 na 12, chanzo huweza kuwa urithi. Mwaka 2013 wanasayansi walitambua badiliko katika jeni iitwayo SUV39H2, linalovuruga ukomavu wa seli za ngozi ya pua. Mwaka 2014 lilitambuliwa badiliko katika jeni nyingine, FAM83G, linalofanya nyayo za mbwa wa aina mbili za Ulaya kuwa ngumu na kupasuka.

Chakula nacho kina sehemu yake. Zinki ni madini yanayohitajiwa na ngozi kwa kiasi kidogo lakini bila kukosa. Nafaka zina asidi ya fitiki, ambayo huishika zinki na kuizuia isisharabiwe tumboni. Mtoto wa mbwa anayekua kwa nafaka tupu, bila nyama wala dagaa, huweza kupata ukoko puani, kuzunguka macho na nyayoni, awe na uso bapa au mrefu.

Lakini chanzo cha kuogopwa kuliko vyote ni distempa ya mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vilivyo jamaa moja na virusi vya surua ya binadamu na vya sotoka ya ng'ombe, ile iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Mfaransa Henri Carré ndiye aliyeonyesha mwaka 1905 kwamba distempa huletwa na kitu kidogo kinachopenya katika chujio linalozuia bakteria. Mbwa hupata homa, macho na pua hutoka tongo na kamasi, hukohoa na kuhara. Wiki kadhaa baadaye, baadhi ya waliosalimika na hatua hiyo huota ngozi ngumu puani na nyayoni, na hatimaye hutetemeka misuli na kupatwa na degedege. Hakuna dawa ya kuviua virusi hivyo. Iko chanjo ya kuvizuia. Kwa hiyo mbwa asiyechanjwa, ambaye nyayo zake zimekuwa ngumu baada ya homa na kamasi, si wa kupakwa mafuta ya mgando nyumbani. Ni wa kutengwa na wenzake na kuonyeshwa kwa mtaalamu wa mifugo mara moja.

Uzito wa jambo hilo ulionekana nchini Tanzania. Mwaka 1994, simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka na kuanguka kwa degedege. Takriban theluthi moja ya simba wa eneo hilo, wapatao 1,000, walikufa au kutoweka, na ugonjwa ukavuka hadi Maasai Mara nchini Kenya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulithibitisha kuwa ni distempa, na ukauhusisha mlipuko huo na virusi vilivyokuwamo kwa mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Baada ya hapo mbwa wa vijiji hivyo walianza kuchanjwa. Nyayo ngumu za mbwa mmoja wa kijijini, basi, huweza kuwa habari inayomhusu hata simba.

Chaguo la Binadamu

Baada ya kuvitenga vyanzo hivyo vyote, anabaki yule buldogi au pagi asiye na homa, asiye na upungufu wa chakula, ambaye kosa lake ni umbo lake. Swali ni hili: umbo hilo lilitoka wapi?

Nchini Uingereza buldogi alifugwa zamani kwa mchezo wa kikatili wa kuwashambulia mafahali waliofungwa kamba. Sheria ya mwaka 1835 iliupiga marufuku mchezo huo, na mbwa huyo akabaki bila kazi. Mwaka 1859 yalifanywa maonyesho ya mbwa mjini Newcastle upon Tyne, na mwaka 1873 kikaanzishwa chama cha taifa, The Kennel Club, ambacho husimamia sifa za kila aina. Tangu hapo mbwa hakuchaguliwa tena kwa kazi aliyoifanya, bali kwa sura aliyokuwa nayo. Kizazi baada ya kizazi, mwenye uso mfupi zaidi alipewa tuzo na kuzalishwa. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba badiliko moja tu, katika jeni iitwayo SMOC2, huweza kueleza hadi asilimia 36 ya tofauti za urefu wa uso baina ya mbwa. Wafugaji wa karne iliyopita hawakulijua jina la jeni hiyo, lakini walikuwa wakiichagua kwa macho.

Gharama ya uchaguzi huo imekwisha kupimwa. Watafiti wa Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo cha London walionyesha mwaka 2022 kwamba uwezekano wa buldogi wa Kiingereza kuwa na angalau ugonjwa mmoja unazidi mara 2 ule wa mbwa wengine, na uwezekano wa kuwa na ugonjwa wa mikunjo ya ngozi ni takriban mara 38. Hata hivyo mapenzi ya watu hayajapungua. Katika orodha ya mwaka 2022 ya chama kikuu cha mbwa nchini Marekani, buldogi wa Kifaransa alishika nafasi ya kwanza, akimpiku Labrado aliyeishikilia kwa miaka 31.

Zipo dalili za mabadiliko. Mwaka 2009 The Kennel Club ilizirekebisha sifa za buldogi ili kupunguza mikunjo na ufupi wa uso. Mwaka 2019 Uholanzi iliweka vigezo vya kuzuia kuzalishwa kwa mbwa ambao urefu wa pua yao haufikii takriban theluthi moja ya urefu wa sehemu ya fuvu inayobeba ubongo. Hatua hizo zina mantiki ya kisayansi: kilichofupishwa kwa uchaguzi huweza kurefushwa kwa uchaguzi.

Mbwa aliyekwisha kuzaliwa na uso bapa hakuuchagua uso huo. Anachostahili ni kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo, chanjo kamili, na mtunzaji anayejua lini ukoko ni ukoko na lini ni ishara ya ugonjwa. Lakini matunzo hayo, hata yakiwa mema namna gani, huulainisha ukoko wa mbwa mmoja kwa siku chache tu. Ukoko wa vizazi vijavyo utazuiwa na yule anayeamua ni mbwa yupi azae.